Gitaa la Kukaa Upande

Aliyebuni gitaa la pedali hakuwahi kuvaa sketi. Nina hakika na hilo kuliko jibu lolote nililowahi kuandika kwenye mtihani wa fizikia, na mwalimu wangu wa fizikia atawaambia kwamba hicho si kipimo kikubwa.

Kwa wasiolijua, hili ni gitaa lililolazwa chali juu ya miguu minne kama meza. Unakaa nyuma yake kwenye stuli. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, na sauti inatoka ikiteleza kama mtu anayelia huku amefurahi. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi, wa kulia unakanyaga pedali ya kukuza na kupunguza sauti. Na kana kwamba Mungu hakukupa kazi za kutosha, chini ya ubao kuna leva nne za magoti. Kila goti lina leva mbili, moja nje na moja ndani. Ukisukuma goti nje, nyuzi fulani zinapanda au kushuka. Ukilirudisha ndani, zinabadilika nyingine. Kwa hiyo mpigaji akiwa kazini, magoti yake yanafunguka na kujifunga kama geti la stendi ya Bariadi asubuhi.

Sasa weka sketi hapo.

Letu liliachwa kanisani na mgeni mmoja mzee aliyekuja kusaidia ujenzi wa ukumbi. Alipiga Jumapili kadhaa, kisha siku ya kuondoka akapima uzito wa sanduku lake na uzito wa umri wake, akaamua kubeba kimoja. Likabaki stoo. Mama wa usafi akatandika blanketi juu yake, akawa anapigia pasi vitambaa vya mimbari. Wanakwaya wote wakaliita cherehani, na mimi siwalaumu, maana mtu akiona meza yenye pedali chini atafikiria nini kingine?

Mimi nilivutwa na zile pedali. Mama yangu ni fundi nguo karibu na soko, na nimekulia chini ya cherehani yake. Miguu yangu ilijua kukanyaga kabla haijajua viatu. Nikaomba ufunguo wa stoo, nikaazima simu ya mama niangalie video, nikaanza. Mwanzoni nyuzi zilitoa sauti zilizomhamisha hata mbwa wa mlinzi. Kipande cha chuma kilikuwa kimepotea, nikatumia pini ya pistoni ya pikipiki, ambayo mpaka leo naiona bora kuliko cha kiwandani kwa sababu ikidondoka unapata nyingine kwa fundi yeyote. Baada ya muhula mzima nikawa napiga tenzi nne bila kumwaibisha mtu. Nilipomaliza kidato cha pili, nilikuwa mpigaji pekee wa gitaa la pedali mkoa mzima wa Simiyu. Kama kuna mwingine, ajitokeze. Ninataka kumuuliza magoti yake anayafanyaje.

Shida ilianza siku niliyotolewa stoo na kuletwa mazoezini.

Mwenyekiti wetu wa kwaya ni mama mmoja ambaye ni shangazi wa nusu ya wanakwaya na alimfundisha nusu ya pili darasa la tatu. Ana sikio kali na macho makali zaidi. Tulikuwa katikati ya ubeti, mimi nimezama kabisa, goti la kushoto limekwenda nje kutafuta sauti, aliponyanyua mkono.

"Simamisheni!"

Kwaya ikakata. Mimi nikachelewa kidogo, gitaa likamalizia peke yake kwa mlio mrefu wa aibu.

"Binti, goti lako linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwenye fa, mama mwenyekiti."

"Lirudishe."

"Nikilirudisha, fa haitoki."

"Basi tutaimba bila fa."

Watu wa besi wakacheka kwenye vifua vyao. Lakini mama mwenyekiti hakuwa anatania. Kwetu magoti ya binti si mali yake peke yake. Ukikutana na mkubwa unayapiga chini kusalimia, ukikaa mbele ya wageni unayabana, na ukisahau, kuna shangazi mahali fulani atakohoa. Mbele ya mimbari ndiyo kabisa. Akatoa hukumu palepale: chombo kinachotaka magoti ya binti yatengane hakitapigwa na binti. Kwenye mkutano wa kwaya Nyashimo, baada ya msimu wa pamba, atakaa kaka wa kinanda.

"Yeye amevaa suruali," akasema. "Magoti yake hayana habari."

"Na kichwa chake je, mama?" nikauliza.

"Wewe mtoto!"

Kaka wa kinanda akakaa kwa madaha, akakunja mikono ya shati, akakanyaga. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekamatwa pembe. Akaangalia chini. "Dada, hii ya tatu ni ya nini?"

"Breki," nikamwambia.

Akaacha kuikanyaga kabisa. Alikaa wiki nzima akipiga bila breki.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Ama nipate njia ya kupiga nikiwa nimefunga magoti, ama niende Nyashimo nikasimame safu ya nyuma kushika mafaili ya nyimbo, huku nikimsikiliza mtu mwingine akiua kitu nilichokifufua kwa mikono yangu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa pazia. Nililipeleka kwa mama, akakata kitambaa cha kupambia harusi kilichobaki kwa mteja, cheupe chenye marinda, akakizungusha kwenye ubao mpaka chini. Hakuna goti lililoonekana. Hakuna pedali iliyoonekana pia, hivyo nilikuwa nakanyaga kwa imani. Lakini tatizo kubwa lilikuja Jumapili. Mchungaji mgeni aliingia kwa mlango wa pembeni, akaona meza iliyopambwa vizuri kuliko zote, stuli nyuma yake haina mtu, akakaa. Akaweka Biblia juu ya nyuzi. Akaweka chupa ya maji. Mimi nilikuwa nimesimama na pini ya pistoni mkononi kama mtu aliyetumwa spea.

"Mchungaji," nikamnong'oneza huku nimepiga goti, "samahani, hilo ni gitaa."

Akatabasamu kwa upole sana. "Amina, binti yangu."

Tuliimba ibada nzima bila gitaa. Kila alipobadilisha mkao wa miguu, kitu fulani chini ya pazia kililia, na yeye akatikisa kichwa kama aliyeguswa.

Wazo la pili lilikuwa kiwiko. Nyuma ya stendi kuna fundi pikipiki mwenye mashine ya kuchomelea, kijana mcheshi ambaye hakuna kazi anayoikataa na ndiyo maana nyingi zinarudi. Nikamweleza: badala ya leva ya goti, tufunge leva ya breki ya pikipiki hapa ubavuni, niisukume kwa kiwiko.

"Unataka ikamate sana au kidogo?"

"Kaka, si breki. Ni muziki."

"Muziki nao unahitaji kukamata," akasema, akafunga na waya wa klachi.

Ilikamata. Mara ya kwanza kuisukuma uzi ulikatika ukanipiga kidevuni. Tulipolegeza, ikawa inafanya kazi, ila nilipotanua kiwiko upande huu na upande huu, mama mwenyekiti alisimama mlangoni akanitazama.

"Unapiga gitaa au unafukuza kuku?"

Nikaing'oa mwenyewe.

Aliyenitoa kwenye tope ni bibi, na alinitoa kwa sababu alitaka kunicheka. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kwetu kutoka Sola na gunia lake la michembe na matoborwa, viazi vitamu vya kukausha, na maneno yake. Kwa utani wetu mimi ni mke mwenzake, maana babu alipokuwa hai alikuwa akiniita mke mdogo, na bibi hajawahi kunisamehe. Alinikuta nimekaa stoo ya kanisa nimeshika tama mbele ya gitaa, nikamweleza yote.

"Gete, kweli?" akasema. "Yaani magoti tu? Mke mwenzangu, sogea."

Akavua kanga yake ya begani, akainama, akanifunga magoti yote mawili pamoja kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Akakaza.

"Haya. Sasa piga. Mwenyekiti wako akija atakuta mzigo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, kwa hasira, nikajaribu kuifikia leva ya kushoto vilevile. Goti la kushoto likaenda, na la kulia likalazimika kulifuata. Leva ikasukumwa. Nyuzi zikapanda. Sauti ilikuwa ileile, safi.

Bibi akaacha kucheka.

Nikapeleka mzigo wote kulia. Leva ya kulia ilikuwa mbali kidogo, na zile za ndani zilinizuia, lakini nikaelewa. Sikuhitaji leva nne. Nikizitoa mbili za ndani, nikazisogeza mbili za nje karibu, magoti yaliyofungwa yanaweza kukaa katikati na kuyumba pamoja: kushoto nyuzi zinapanda, kulia zinashuka. Wasichana wote wa Bariadi wanajua kukaa hivyo. Ukiwa na sketi ya shule na bodaboda haina huruma, unakaa upande, magoti pamoja, na unafika.

"Bibi," nikasema, "umetengeneza gitaa."

"Mimi?" Akajifuta machozi ya kicheko. "Mimi nimefunga kuni."

Fundi alipoiona michoro yangu hakuuliza kama ikamate. Alikata vyuma viwili, akachomelea, akasogeza. Akaongeza na leva moja ya tatu niliyoitamani, inayosukumwa juu kwa magoti yote mawili yakinyanyuka pamoja, kama mtu anayepita kwenye dimbwi akiwa juu ya pikipiki. Nilipoteza baadhi ya sauti, sikatai. Kuna mambo ambayo mpigaji wa leva nne anayafanya na mimi siyawezi. Ila yeye hawezi kuyafanya akiwa amevaa sare ya kwaya yetu.

Jumamosi nikakaa mazoezini, kanga imefungwa magotini kwa heshima, nikapiga wimbo mzima. Kaka wa kinanda alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nafikiri alikuwa amechoka kuishi bila breki. Mama mwenyekiti alizunguka gitaa kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Magoti yamefungwa," akasema. "Hilo nimeliona."

"Asante, mama."

"Lakini kiuno je?"

Hapo nikagundua kitu ambacho sikukifikiria. Ukikaa kwenye stuli ukapeleka magoti yote kushoto, kiuno kinakwenda kulia. Ukipeleka kulia, kinarudi. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kumchezesha mtu kiuno mbele ya mimbari.

Watu wa besi wakaona bora waangalie dari.

"Mama mwenyekiti," nikajitetea, "kwaya nzima inayumba. Kushoto, kulia, kila wimbo. Mimi ndiye niwe nguzo?"

"Kwaya inayumba pamoja. Wanaoyumba pamoja ni kwaya. Anayeyumba peke yake huyo yuko ngomani." Akafikiri. Mimi namjua, akifikiri hivyo kuna mlango unafunguka, ila ni mwembamba. "Yumba na wenzako. Wakienda kushoto, nenda kushoto. Ukiyumba peke yako hata mara moja pale Nyashimo, unashuka, kaka anakaa."

Nikasema ndiyo haraka kabla mlango haujafungwa. Nyumbani ndipo nilipokaa na kupiga hesabu za wimbo kwa wimbo. Wimbo wa kwanza ulikubali wote; kwaya ilikwenda kushoto kila nyuzi zilipotakiwa kupanda, kana kwamba tulipanga. Wimbo wa pili ulikuwa muuaji. Mwisho wa kiitikio kwaya inatupa hatua kushoto, na palepale nyuzi zangu zinatakiwa zishuke, na kushuka kuko kulia. Nikibadilisha leva, wimbo wa kwanza unaharibika.

Nikamrudia fundi. Yeye aliona jambo dogo. "Tatizo ni kwamba hawajui unaelekea wapi. Tufunge indiketa."

Alifunga kweli, taa mbili za njano za pikipiki mbele ya ubao, na swichi kando ya pedali ya sauti. Nikielekea kulia, nawasha ya kulia, kwaya inaona. Kwenye mazoezi sauti ya kwanza walifuata vizuri sana, ila nilisahau kuizima, wakaendelea kwenda kulia mpaka wa mwisho akagusa ukuta. Mama mwenyekiti alizichomoa taa kwa mkono wake.

"Hii ni kwaya," akasema, "si kituo cha mabasi." Wimbo wa pili ukabaki bila dawa.

Mimi bado naitaka ile indiketa. Siku mtu akianza kutengeneza magitaa haya upya, naomba aiweke, pamoja na miguu yenye nyayo pana isiyozama kwenye udongo, kifuniko cha kuzuia vumbi la mwezi wa saba, na sanduku ambalo binadamu mmoja anaweza kulinyanyua bila kumwita mjomba.

Tukaenda Nyashimo kwa kosta ya kukodi, gitaa limelala kwenye viti vya nyuma kama mgonjwa. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, kwaya zimetoka kila upande mpaka za Lamadi kule ziwani, watu ambao walikuja wakinukia samaki na ushindi. Niliweka vifuniko vya kopo la rangi chini ya miguu ya gitaa, nikafunga kanga yangu magotini. Akina mama wa kwaya nyingine walinitazama.

"Huyu mtoto mguu una nini?"

"Labda ni mgonjwa."

"Pole, mwanangu!"

"Asante, mama," nikasema. Ningewaeleza nini?

Wimbo wa kwanza ulikwenda kama maji. Kushoto wote, kulia wote. Niliona vichwa vikigeuka kutafuta ile sauti inatoka wapi, na sauti ilikuwa inatoka kwangu. Mama mwenyekiti alikuwa mwisho wa safu ya mbele, jicho moja kwa watu, jicho moja kwenye kanga yangu. Kaka wa kinanda alikuwa nyuma yangu tayari, kwa sababu aliagizwa akae tayari.

Wimbo wa pili. Ubeti ukapita. Kiitikio kikaanza kupanda, na nikajua kinakuja. Nilikuwa na njia mbili tu. Niende kushoto na wenzangu, nyuzi zipande pale zinapotakiwa kushuka, na kila mwenye masikio pale Nyashimo ajue kwamba Bariadi wameleta cherehani. Au niende kulia peke yangu, sauti itoke sahihi, na niinuke kwenye stuli mbele ya watu wote.

Nilivuta pumzi. Nikapeleka magoti kulia.

Nyuzi zikashuka taratibu, zikatua mahali pake. Kwa pembe ya jicho niliona safu ya mbele imenyanyua mguu, iko njiani kwenda kushoto. Na nikamwona mama mwenyekiti. Sikio lake lilikuwa limesikia ile sauti ikitua. Mguu wake ukasita hewani, mwili wake mzima ukabadili mawazo, akaenda kulia. Aliyekuwa pembeni yake akamfuata, kwa sababu hakuna mtu kwenye kwaya yetu mwenye ujasiri wa kwenda kinyume na mama mwenyekiti. Halafu wa pembeni yake. Ikapita safu nzima, ya pili, ya tatu, kama ng'ombe wanaopinda njiani baada ya anayetangulia, mpaka besi wa mwisho. Kwa watu waliokuwa wanatazama ilionekana kama wimbi tulilolifanyia mazoezi mwaka mzima. Vigelegele vikapasuka upande wa kina mama. Kiitikio kiliporudi tena, nilikwenda kulia na kwaya ikateremka vilevile, wimbi lilelile, na safari hii hata Lamadi walisimama.

Kaka wa kinanda akaninong'oneza kwa nyuma, "Dada, mimi nikakae?"

"Kaa na kinanda chako."

Tulipomaliza, watu walikuja kushika gitaa. Binti mmoja wa kwaya nyingine, umri wangu, akaniomba akae tu kwenye stuli aone. Nikamfunga kanga magotini, akayumba kushoto, nyuzi zikapanda, akapiga ukelele mdogo kama aliyeshika umeme. Mama yake akaja akamwondoa, lakini niliona naye anachungulia chini ya ubao kutazama leva.

Mama mwenyekiti alikuja wakati tunafungua miguu ya gitaa kulirudisha kwenye kosta. Nikapiga goti kumsalimia, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu sikujua kama bado nina kazi. Hakuniambia niinuke mara moja. Alikuwa anafikiri, mdomo ukihesabu kiitikio kimyakimya, mguu wake ukienda kulia kidogo, ukirudi.

"Ule wimbo wa pili," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Umetupeleka kulia mapema mno. Jumamosi uje kabla ya wenzako tukapange. Uwasubiri sauti ya kwanza wavute pumzi, ndipo utupeleke."